Kengele ya maji ya rejeta: Tazama maji kabla ya kukata waya

KATIKA milima ya Kisii na Nyamira, si ajabu kwa gari lililosheheni abiria, ndizi au majani chai kuanza kutoa mlio mkali kwenye dashibodi likiwa katikati ya mlima, huku taa ndogo ikiwaka mbele ya dereva. Dereva hutazama mshale wa joto, akauona umetulia mahali pake, akakata kauli kwamba kengele ndiyo iliyoharibika. Jioni hulipeleka gari kwa fundi wa nyaya, waya ukakatwa na kelele zikaisha.

Aghalabu gari hilo hurejea gereji likivutwa kwa kamba, injini yake ikiwa imeungua.

Kengele hiyo huwekwa na waundaji wa magari ili kumwarifu dereva kwamba maji yanayopoza injini yamepungua. Ni kweli kwamba mara nyingine hulia bila sababu, kwani nyaya huliwa na kutu na vifaa huchakaa. Hata hivyo, onyo la kweli na la uongo huweza kutofautishwa kwa muda mfupi na bila vifaa vya gharama, mradi mwenye gari afuate utaratibu ufaao. Utaratibu wenyewe ni kuchunguza maji kwanza, na waya baadaye.

Mshale wa joto hautoshi

Madereva wengi hudhani kwamba mshale wa joto na kengele ya maji vinasema jambo moja. Sivyo. Mshale huonyesha kiwango cha joto la maji, ilhali kengele huonyesha kama maji yenyewe yapo.

Kifaa kinachoendesha mshale, ambacho mafundi hukiita sensa ya joto, hufungwa kwenye injini kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakipungua kiasi cha kukiacha hewani, huanza kupima hewa au mvuke, na kwa hivyo kipimo chake hakiaminiki tena. Ndiyo sababu mshale huweza kutulia, au hata kushuka, huku chuma cha silinda hedi kikizidi kupata moto.

Kwa maneno mengine, mshale uliotulia si ushahidi kwamba kengele inadanganya. Kengele ya maji imekusudiwa kulia mapema, kabla ya joto kupanda, wakati ambapo injini bado inaweza kuokolewa kwa lita chache za maji.

Kwa nini milima huzidisha hatari

Jiografia ya eneo hili huifanya kazi ya kupoza injini kuwa ngumu. Barabara kuu itokayo Ahero huanza katika tambarare zilizo mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, ikapanda kupitia Sondu na Oyugis hadi mjini Kisii, ulio takriban mita 1,700. Kutoka hapo, barabara ya kuelekea Sotik hupitia Keumbu na Keroka hadi nyanda za Borabu, zinazokaribia mita 2,000.

Gari lililobeba mzigo mzito, uwe mawe ya kuchongea vinyago kutoka Tabaka au magunia ya majani chai yanayopelekwa kiwandani, hupanda miinuko hiyo kwa gia ya chini. Injini huzunguka kwa kasi na kutoa joto jingi, lakini gari lenyewe huenda polepole, hivyo basi upepo unaopita kwenye rejeta huwa hafifu.

Fauka ya hayo, maji huchemka mapema penye mwinuko. Mjini Mombasa maji yaliyo wazi huchemka yafikapo nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kila mita 300 mtu apandazo, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja. Kwa hivyo mjini Kisii maji huchemka karibu na nyuzi 94, na katika sehemu za juu za Nyamira karibu na 93.

Kinachoyazuia maji ya injini yasichemke mapema hivyo ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho kina springi inayofungia shinikizo ndani, na katika magari mengi madogo ya Kijapani shinikizo hilo hukaribia kilo 0.9 kwa kila sentimita mraba. Kifuniko kikiwa kizima, maji ya gari mjini Kisii hayachemki hadi yapite nyuzi 110. Springi ikilegea au raba yake ikipasuka, maji hurudia tabia yake ya kuchemka karibu na nyuzi 94.

Jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Thamostati, yaani mlango unaoruhusu maji kuingia kwenye rejeta, hufunguka karibu na nyuzi 82 katika magari mengi, na feni ya umeme huanza kuzunguka joto linapokuwa kati ya nyuzi 90 na 100. Kwa hivyo gari lenye kifuniko kibovu huweza kuanza kuchemsha maji hapa milimani wakati ule ule ambapo feni ndiyo kwanza inaamka. Maji hufurika kwenye tangi la akiba na kumwagika, kiwango kikashuka, na kengele ikalia.

Si kila gari lina kengele

Kabla ya kuulizana kwa nini kengele inalia, ni muhimu kujua kama gari linayo. Malori mengi ya Kijapani, pamoja na magari kadhaa ya Ulaya kama vile Volkswagen, Mercedes-Benz na BMW, huundwa yakiwa na sensa ya kiwango cha maji. Magari mengi madogo hayana.

Toyota Probox, iliyoanza kuundwa mwaka wa 2002 na ambayo imekuwa tegemeo kubwa la wasafiri katika kaunti hizi mbili, ni miongoni mwa magari ambayo dereva hapaswi kungoja kengele ya aina hiyo. Anayeliendesha gari kama hilo hana budi kufungua boneti kila asubuhi na kutazama kwa macho yake. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, mambo huwa tayari yameharibika.

Isitoshe, katika baadhi ya magari kidude kimoja ndicho kinacholilia mambo mengi. Kwenye lori huenda kinaonya kwamba upepo wa breki umepungua, na kwenye gari dogo huenda mlango haujafungwa au taa zimesahauliwa. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kutazama taa iliyowaka pamoja na mlio. Aghalabu taa inayohusu maji ya injini huwa na mchoro wa kipimajoto kilichozama kwenye mawimbi, au wa tangi lenye mawimbi ndani yake.

Tatizo ni kwamba magari mengi yanayoagizwa kutoka Japani huja na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kijapani. Aidha, kanuni za Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajapita miaka minane. Maana yake ni kwamba sensa nyingi hufika nchini zikiwa zimefanya kazi kwa miaka kadhaa.

Sensa hufanyaje kazi

Kuna aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni boya dogo lenye sumaku, linaloelea ndani ya tangi la maji. Maji yakishuka, boya hushuka nayo, na sumaku hufunga au kufungua swichi iliyofichwa chini yake. Aina ya pili ni ncha za chuma zinazogusa maji. Umeme mdogo hupita ndani ya maji kutoka ncha hadi ncha, na maji yakipungua njia hiyo hukatika.

Tofauti hiyo ina maana kwa fundi. Boya huweza kunasa kwa sababu ya tope na kutu, likabaki chini hata tangi likijaa, au likabaki juu hata tangi likikauka. Ncha za chuma nazo huweza kufunikwa na utando usiopitisha umeme. Vilevile, maji yaliyo safi mno, kama yale ya betri, hupitisha umeme kidogo sana na huenda yakaifanya kengele ilie ilhali tangi limejaa.

Hatua za kufuata

Kengele ikilia safarini, dereva hana budi kutafuta mahali tambarare nje ya barabara na kuzima injini. Sheria za trafiki humtaka awe na pembetatu za kuakisi mwanga. Matawi ya miti ambayo wengi huyatandaza barabarani hayaonekani vyema usiku wala wakati wa ukungu, na mara nyingi huachwa hapo gari likishaondoka.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo yakipata upenyo hugeuka mvuke papo hapo, na wengi wameungua uso na mikono kwa kutosubiri. Inafaa kungoja angaa nusu saa. Baadaye mpira mkubwa wa juu wa rejeta ubonyezwe kwa kitambaa kikavu. Ukiwa bado mgumu, shinikizo lingalipo na kungoja kuendelee.

Injini ikishapoa, tangi la akiba litazamwe. Lina alama mbili ubavuni, ya juu na ya chini, na maji hupaswa kuwa kati ya hizo mbili. Lakini uchunguzi usiishie hapo. Tangi huweza kuwa limejaa ilhali rejeta ni tupu, hasa ikiwa kifuniko ni kibovu au mpira mdogo unaounganisha viwili hivyo umepasuka, kwani maji yaliyotoka hushindwa kurudi. Kwa hivyo, kwenye magari ambayo rejeta ina kifuniko chake, kifuniko hicho nacho kifunguliwe injini ikiwa baridi, na maji yaonekane yamefika mdomoni.

Iwapo maji yamepungua, kengele imesema kweli. Yaongezwe polepole. Injini iliyopata moto kupita kiasi isimiminiwe maji baridi kabla ya kupoa, kwa sababu chuma huweza kupasuka. Kisha swali liwe moja tu: maji yamekwenda wapi? Mfumo huu ni wa kufungwa, na gari zima halipaswi kuongezwa maji kila siku.

Iwapo maji yamejaa kote na kengele bado inalia, hapo ndipo zamu ya waya huja. Plagi ya sensa ichomolewe na kutazamwa kama ina kutu ya kijani au unyevu. Isafishwe, ikaushwe na kurudishwa. Kengele ikiendelea, plagi ichomolewe tena huku swichi ya gari ikiwa imewashwa bila injini kunguruma. Katika baadhi ya magari mlio hukoma plagi inapochomolewa. Katika mengine hukoma pale ncha mbili za plagi zinapounganishwa kwa kipande cha waya. Mlio ukibadilika kwa njia yoyote kati ya hizo, nyaya ni nzima na sensa ndiyo mbovu. Usipobadilika kabisa, hitilafu imo kwenye nyaya au kwenye dashibodi. Magari ya kisasa yanayoongozwa na kompyuta yaachiwe fundi mwenye mita ya umeme.

Mlio hutofautiana kwa sababu

Wakati ambao kengele hulia huweza kumwelekeza mtu kwenye chanzo. Ikilia asubuhi na kunyamaza baada ya mwendo, maji yamepungua kidogo. Maji baridi hunywea na kushuka chini ya sensa, kisha hupanuka yapatapo joto na kuifunika tena.

Ikilia tu gari linapopanda mlima, linapopinda kona kali au breki zinaposhikwa ghafla, maana yake maji yamekaribia alama ya chini. Gari likiinama, maji hukimbilia upande mmoja na kuiacha sensa wazi. Katika barabara za Gusii hali hii hutokea mapema kuliko katika tambarare, nayo ni nafasi nzuri ya kuchukua hatua kabla ya hasara.

Ikilia baada ya gari kuoshwa au mvua kubwa kunyesha, kisha ikanyamaza jua likiwaka, plagi ishukiwe kuwa imeingia unyevu. Kisii na Nyamira hupata mvua karibu mwaka mzima, hivyo kisa cha aina hii si nadra. Hata hivyo, maji ya rejeta yatazamwe kwanza hata hapo.

Ikinyamaza kila maji yanapoongezwa kisha ikalia tena baada ya siku mbili au tatu, kuna mahali panapovuja. Mipira na vibanio vyake vipapaswe. Chini ya pampu ya maji kuna tundu dogo ambalo hutoa matone pampu inapochakaa. Alama nyeupe au za kutu kwenye rejeta huonyesha mahali ambapo maji hutoka na kukauka.

Pasipoonekana tone lolote nje, huenda maji yanaingia ndani ya injini. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma, mapovu kwenye rejeta injini inaponguruma, na oili iliyogeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Hizo ni ishara kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, na gari halipaswi kuendeshwa hata kidogo hadi litengenezwe.

Maji gani yatumike

Wengi katika eneo hili hujaza rejeta kwa maji ya mto au ya mvua, wakisema kwamba dawa ya rejeta, ile inayouzwa ikiwa ya kijani au nyekundu, ni ya nchi zenye barafu. Ni kweli kwamba maji hayagandi Kisii. Lakini dawa hiyo hufanya kazi nyingine mbili: huyafanya maji yachelewe kuchemka, na huzuia kutu ndani ya injini na pampu. Kwa gari la milimani, hizo ni faida za kila siku.

Maji ya mto huleta tope na chumvi ambazo huziba vijitundu vya rejeta na kunasisha boya la sensa. Katika dharura maji yoyote safi ni bora kuliko kukosa kabisa, mradi baadaye mfumo usafishwe na kujazwa mchanganyiko ufaao, ambao kwa kawaida ni nusu maji na nusu dawa.

Vilevile kuna tabia ya kumimina ndani ya rejeta vitu vya kuziba mianya. Vitu hivyo havichagui tundu. Huziba panapovuja, lakini pia huziba njia za maji na kufunika sensa. Anayelazimika kuvitumia ili afike nyumbani ajue kwamba hajatengeneza gari, bali ameahirisha matengenezo.

Mzozo wa mwenye gari na dereva

Mara nyingi chanzo cha waya kukatwa si ujinga. Katika biashara ya kubeba abiria, dereva hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi fulani cha pesa kila jioni. Kengele ikilia saa moja asubuhi abiria wakiwa tele, au siku ya soko Keroka, kusimama nusu saa ni kupoteza hesabu ya siku. Naye mwenye gari, asiyekuwapo, huona kila shilingi ya matengenezo kuwa ujanja wa dereva.

Injini ikiungua, kila mmoja humlaumu mwenzake. Silinda hedi iliyopinda hulazimu injini kufunguliwa, na gari huweza kulala gereji kwa siku nyingi huku mkopo ulionunulia gari ukidai. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na bei ya kifuniko kipya cha rejeta haiwezi kulinganishwa na ya kazi hiyo.

Dawa ya mzozo huo ni makubaliano ya wazi. Mwenye gari amruhusu dereva kusimama kengele inapolia bila kukatwa pesa. Dereva naye aandike kwenye kijitabu tarehe na kiasi cha maji anachoongeza. Maandishi ya wiki mbili humwonyesha fundi kama tatizo linakua, na humwondolea mwenye gari shaka ya kudanganywa.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika wana la kujifunza pia. Katika magari mengi, taa za onyo huwaka zote kwa sekunde chache swichi inapowashwa, kisha zikazima. Ikiwa gari linajulikana kuwa na taa ya maji lakini taa hiyo haiwaki kamwe, yamkini imeungua au kuna mtu aliyeinyamazisha. Mnunuzi na aulize sababu kabla ya kutoa pesa, kisha afungue rejeta injini ikiwa baridi na kujionea maji yalivyo.